Wazee wa Verona wanasamehewa mapema mno kwenye muvi

Nimerudia kuangalia Romeo na Juliet, kwanza ile ya Franco Zeffirelli ya 1968 halafu ile ya Baz Luhrmann ya 1996, na safari hii tamthilia yenyewe ya Shakespeare ilikuwa wazi mapajani, naifuatilia nani kakatwa, nani kabakizwa, nani kahamishwa, na nilichotoka nacho sio machozi, ni hasira. Nina hasira na wazee wa Verona, mji wa hadithi hii. Zamani nikiwa shule nililia kwa ajili ya wale watoto wawili bas, yaani roshani, mapenzi, sumu, kisu, habari imeisha. Sasa hivi umri wangu umeshampita mama yake Juliet (mwenyewe anamwambia binti yake kwamba alimzaa akiwa na umri kama wake huohuo, na Juliet hajatimiza hata miaka 14, we piga hesabu) na nikisoma naona kila mlango waliogonga hawa watoto na naona mtu mzima aliyewafungulia alifanya nini.

Ngoja nianze na baba yake Juliet, maana huyu ndo ananiumiza. Kijana mmoja, Paris, anapokuja kuposa, mzee Capulet anajibu vizuri tu, anasema mtoto bado mdogo, tuache miaka miwili ipite, halafu kwanza umpendeze yeye mwenyewe, ridhaa yangu inafuata ya kwake. Unasema sawa, huyu mzazi ana busara. Hiyo ni Jumapili. Jumatatu usiku Tybalt, binamu yake Juliet, kashauawa na Romeo, nyumba ina msiba mbichi, mzee huyohuyo anamkabidhi Paris binti bila kumuuliza mwenye roho yake, anauliza leo siku gani, anaambiwa Jumatatu, anasema basi Jumatano itakuwa mapema mno, tufanye Alhamisi. Jumanne Juliet, ambaye kashaolewa na Romeo kwa siri, anakataa, anatukanwa matusi ya kutisha, anaambiwa akaombeombe, akafe njaa barabarani, anakimbilia kwa padri Laurence na huko anapewa dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, maelekezo ainywe kesho yake, Jumatano usiku. Anarudi nyumbani anajifanya katii, anapiga magoti, anaomba radhi, na mzee kwa furaha anatangaza harusi ni kesho asubuhi. Kesho yenyewe ni Jumatano! Siku aliyosema kwa mdomo wake kwamba ni mapema mno. Kwa hiyo binti inabidi anywe dawa usiku uleule, siku nzima kabla ya mpango, na barua ya kumweleza Romeo huo mpango kule Mantua, alikokwenda baada ya kufukuzwa mji, inanyang'anywa siku nzima ya njiani.

Yaani Juliet anakufa kwa sababu baba yake alifurahi. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Na hii haraka ni ya Shakespeare mwenyewe, hakuikuta. Hadithi aliichukua kwenye shairi refu la Arthur Brooke la 1562, na kwa Brooke mambo yanakwenda miezi, wale wawili wanaoana kwa siri na wanaishi hivyo kitambo kabla balaa halijaanguka. Juliet wa Brooke anakaribia 16. Shakespeare akamshusha mpaka 13 na miezi akaikandamiza ikawa siku nne tano, na ukiangalia ni nani anazikimbiza hizo siku, vijana wana haraka ndio, lakini tarehe za harusi zinapangwa na kupanguliwa na watu wenye mvi.

Muvi zinapita hapa fasta sana. Ukimaliza kuziangalia unabaki na Alhamisi tu, baba mkali kakasirika, bas, ile furaha yake ya Jumanne jioni iliyoua mtu huondoki nayo. Nielewe, sisemi ni muvi mbaya. Ile ya Luhrmann kipande cha baba kumfokea binti kinatisha, Paul Sorvino unamwona mpaka unataka kumtoa yule mtoto mle ndani. Na Zeffirelli namheshimu kwa jambo moja kubwa, aliwapa watoto kazi ya watoto. Kabla yake Hollywood mwaka 1936 ilimweka Leslie Howard awe Romeo akiwa na miaka zaidi ya 40, na Norma Shearer awe Juliet ameshapita 30. Zeffirelli akamchukua Leonard Whiting na Olivia Hussey, wote bado hawajafika 18, akawapeleka Italia kwenye mawe na jua na vumbi lenyewe, wanatoka jasho, wanakimbia, wanakatana maneno kama watoto wanavyokatana. Ile vita ya Mercutio, rafiki yake Romeo, na Tybalt pale, inaanza kama utani wa mtaani, watu wanacheka, na Mercutio anakufa marafiki zake wakidhani bado anaigiza. Hicho kipande nimekirudia na sijachoka.

Luhrmann yeye kaibeba yote kaipeleka kwenye mji wa kubuni unaitwa Verona Beach, kapigia picha Mexico, mashati ya maua, magari, helikopta, utangulizi unasomwa na mtangazaji wa habari kwenye tivii, maneno ya Shakespeare yamebaki yaleyale ila upanga umekuwa bastola na kwenye bastola pameandikwa jina la upanga, ili mtu akisema leta upanga wangu isigome masikioni. Watu wengi walichukia hizo kelele. Mi nazipenda, kwa sababu tamthilia yenyewe ina kelele, inaanza na wafanyakazi wa nyumba wanatukanana barabarani, haianzi na mapenzi.

Sasa twende kwenye barua maana hapo ndo utaona kila dairekta anamlaumu nani.

Kwa Shakespeare, padri John anayepewa barua anamtafuta mwenzake wa kuongozana naye, anamkuta kwenye nyumba ya wagonjwa, wakaguzi wa afya wa mji wanashuku nyumba ina tauni, wanapiga mihuri milango na hao mapadri wako ndani. Karantini. Barua haijatoka hata nje ya Verona. Zamani nilikuwa naona hii ni sababu ya kuokoteza, lakini baada ya yale tuliyopitia 2020 naisoma nikiwa na mwili wa mtu anayejua mlango kufungwa ni nini, na watu waliokuwa wanamwangalia Shakespeare London walijua zaidi, majumba ya maonyesho yalikuwa yametoka kufungwa kwa tauni kwa sehemu kubwa ya 1592 mpaka 1594. Zeffirelli hana tauni. Kwake padri John yuko juu ya punda anajikongoja, na Balthasar, mtumishi wa Romeo, juu ya farasi anampita mbio na habari ya msiba. Luhrmann kaleta kampuni ya kusafirisha vifurushi, mtu kaja na barua, Romeo hayupo. Zote mbili zinafanya kazi, unashika kichwa, lakini zote mbili zinakuambia ni bahati mbaya tu. Hakuna wa kuulizwa.

West Side Story, muvi ya nyimbo iliyojengwa juu ya hadithi hiihii, ndo iliyojibu hapa vizuri kuliko wote, na wala haina mstari mmoja wa Shakespeare. Pale hakuna barua wala tauni. Anita, ambaye mpenzi wake ameuawa na huyohuyo kijana anayependwa na Maria (ndiye Juliet wa pale), anameza uchungu wake wote anakwenda kupeleka ujumbe, anafika dukani anakuta vijana wa upande wa pili, wanamvamia, wanamdhalilisha, na anapochomoka kwa hasira anasema mwambieni huyo kijana kwamba Maria amekufa. Ujumbe ulifika mpaka mlangoni jamani, chuki ndo iliyougeuza! Kwenye ya 1961 Anita alikuwa Rita Moreno na alipata Oscar, halafu Spielberg alipoirudia 2021 akamrudisha Rita Moreno akiwa bibi mwenye duka, na ni yeye anayeingia kuwazuia wale vijana kwenye tukio lilelile alilolicheza miaka 60 nyuma. Sikuweza kukaa kimya pale, nilisema kwa sauti peke yangu chumbani. Na kwenye ile ya zamani kuna mzee wa duka, Doc, anawagombeza vijana kwamba wanaiharibu dunia, na mmoja wao anamjibu kwamba wao waliikuta hivyohivyo. Jibu hilo lingeweza kuwa la Tybalt au la yeyote kati yao.

Kaburini nako. Kwa Shakespeare Romeo anakunywa, anakufa, ndipo Juliet anaamka. Hawaonani. Hakuna kwaheri, midomo yake bado ina joto, kachelewa kidogo tu. Luhrmann kamwamsha Juliet wakati Romeo anameza, anamshika shavu, Romeo anamwona macho wazi akiwa tayari kashakunywa. Wengi wanadhani alibuni yeye, lakini David Garrick alishawaamsha hivyo jukwaani London mwaka 1748 na akawapa maneno ya kuagana, na watu walipenda mno. Mi naelewa kwa nini watu wanapenda, tunataka angalau waonane. Lakini ndo hapo, tukipewa kwaheri tunapata kitu cha kushika na tunatoka tumeridhika na kilio chetu, wakati Shakespeare hataki uridhike, anataka uone muda mfupi kiasi gani ulikuwa unatosha.

Halafu padri. Kwenye tamthilia padri Laurence yupo mle kaburini Juliet anapoamka, anasikia walinzi wanakuja, anamwambia twende nikakufiche kwa masista, binti anakataa, na padri anaondoka. Anamwacha! Mtoto wa miaka 13 kati ya maiti, kisu kiko pale. Nilikuwa naangalia ya Zeffirelli na mpwa wangu wa kidato cha tatu, na Zeffirelli kaibakiza hii, padri anarudiarudia kwamba hathubutu kukaa zaidi, mpwa wangu akaniuliza "Mamdogo, sasa huyu anaogopa nini kuliko huyo mtoto kufa?" Sikuwa na jibu na sitaki kumtungia. Luhrmann kamwondoa padri kaburini kabisa, hayupo, kuna mishumaa na misalaba ya taa na wao wawili tu, pazuri mpaka unasahau kwamba kuna mtu mzima alitakiwa awepo pale. Na Paris pia hauawi kwenye muvi zote mbili, wakati kwa Shakespeare Romeo anamuua mlangoni mwa kaburi, kijana aliyekuja na maua tu. Romeo wa muvi anakufa na damu ya Tybalt tu. Wa kitabu ana damu ya watu wawili, na wa pili hakumkosea kitu.

Sisi wa pwani tuliolelewa na sinema za Kihindi hii hadithi tulishaiona kabla hatujajua ni ya nani. Qayamat Se Qayamat Tak ya 1988, Aamir Khan na Juhi Chawla, familia mbili na uhasama wao, na risasi zinazompata binti zinatoka kwa wauaji waliokodiwa na baba yake wamuue kijana. Hapo hakuna punda wala mtu wa vifurushi. Na Ram-Leela ya Sanjay Leela Bhansali ya 2013, mama mtu anaagiza kidole cha binti yake chenye pete kikatwe kikakatwa, na mwisho wale wawili wanapigana risasi wenyewe huku wanaangaliana. Inazidisha rangi, nyimbo nyingi, lakini mzazi hafichwi. Hawa wameyatupa maneno yote ya Shakespeare na wamebaki na kesi yake, wakati wale waliotunza maneno wameiacha kesi ikapita.

Maana Shakespeare hamalizi na zile maiti mbili. Baba wawili wanasimama pale, mmoja kafiwa na mkewe usiku huohuo kwa uchungu wa mtoto kufukuzwa mji, wanapeana mikono, na Montague, baba yake Romeo, anasema nitamjengea Juliet sanamu la dhahabu tupu, Capulet anajibu na Romeo atakuwa na lake la thamani hiyohiyo. Juu ya watoto wao wanapandishiana bei. Na mtawala anasema wengine watasamehewa, wengine wataadhibiwa, hasemi nani. Kwa Brooke tunaambiwa nani: yaya anafukuzwa mji, na yule muuza dawa fukara aliyeuza sumu kwa sababu ya njaa ananyongwa. Baba hakuguswa hata mmoja. Zeffirelli yule muuza dawa hakumweka kabisa, Romeo anafika na sumu yake tu, na kwa hiyo hatumsikii akimlipa yule maskini na kumwambia kwamba kati yao wawili ni yeye Romeo aliyeuza sumu, kwa sababu dhahabu inaua watu wengi zaidi. Yaani Romeo alishasema, na saa chache baadaye baba yake anasimama pale anaahidi dhahabu.