Mshahara umepanda, wa kunipokea zamu hayupo

Watu wakisikia daktari bingwa amechoka, wanadhani analilia mshahara. Mshahara ulikuwa jambo kubwa, sikatai. Novemba 2017 madaktari wa serikali hapa Uganda waligoma, na mwaka wa fedha 2022/2023 mishahara ilipopandishwa, daktari wa kawaida akafika shilingi milioni 5 kwa mwezi. Nyumbani kwangu mabadiliko yalionekana. Uchovu ukabaki palepale.

Mimi ni bingwa wa usingizi. Kwetu Busia wazee husema daktari wa nusu kaputi. Mabingwa wa fani hii nchini ni wachache mno. Wagonjwa wengi hupewa usingizi na maofisa wa usingizi, ambao si madaktari, lakini ndio waliobeba vyumba vya upasuaji vya nchi hii, na nawaheshimu sana. Hospitalini kwetu bingwa ni mimi peke yangu. Simu ikilia saa nane za usiku kuhusu mgonjwa aliyewashinda, hakuna mwingine wa kupigiwa.

Kazi yenyewe naipenda. Mama analetwa kizazi kimepasuka, presha imeshuka, ananiambia, "Musawo (yaani daktari), usiniache." Kile kifaa cha kubana kidoleni hupima oksijeni huku kikilia, na oksijeni ikishuka mlio nao unashuka, unakuwa mzito. Hata nikiwa nimeinama natafuta mshipa wa pili, sikio langu liko kwenye mlio huo. Akifumbua macho nikamwambia, "Mama, umepata binti, msikie analia," hakuna kazi nyingine ninayoitamani.

Kinachonimaliza ni siku ninayojua la kufanya na vya kufanyia havipo. Damu ya kundi moja imebaki chupa moja, wanaoihitaji ni wawili. Nilisomea ubingwa miaka mitatu baada ya udaktari, ada nikijilipia, na siku hiyo ujuzi wote huo hauzai damu. Kisha nitoke nikazungumze na mume wa mtu, na nikirudi mgonjwa mwingine ameshalazwa mezani.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa 2019, linauhesabu uchovu huu, uitwao kwa Kiingereza burnout, kuwa jambo litokanalo na kazi, si ugonjwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona huna unachofanikisha. Ya pili ndiyo inayonitisha. Naiona kwa mwenzangu wa upasuaji, mtu aliyekuwa akimwuliza kila mgonjwa anatoka kijiji gani. Siku hizi anasema "yule wa ngiri", "yule wa mguu". Jioni anakimbilia kliniki ya binafsi kwa sababu ada za watoto zinamsubiri. Simlaumu hata kidogo.

Mama akifariki, tunakaa kuchunguza kifo chake: alifika saa ngapi, alipewa nini, nini kilichelewa. Ni utaratibu mzuri. Naomba katika kikao hichohicho waliokuwa zamu waulizwe wana hali gani, na aliyezidiwa aruhusiwe kupumzika kesho yake bila kuonekana mvivu.

Na nafasi ya bingwa wa pili, ambayo ipo kwenye ikama yetu, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, itangazwe na kujazwa. Kuna vijana wanaohitimu ubingwa Makerere na Mbarara, na baadhi yao wanavuka mpaka kutafuta kazi.