Chupa au pipa?

Bas wiki iliyopita nilikuwa ofisini kwa mwanachama mmoja wa chama chetu cha maajenti wa forodha, kule Shimanzi, Mombasa, mzee aliyeanza kliaringi, yaani kuwatolea watu mizigo forodhani, enzi za fomu za kaboni, nimebeba laptopu nimuonyeshe ule mfumo wa akili mnemba tunaoujaribu chamani, ule unaosoma invoisi halafu ukakupa nambari ya HS, ile ya kupanga bidhaa ambayo forodha wanaitumia kujua ushuru wake. Akanipa invoisi yake ya kweli, jina la mteja kalifunika kwa karatasi. Mafuta ya nazi. Mfumo haukukawia, ukatoa 1513. Mzee akaitazama ile nambari, akanitazama mimi, akauliza, "Mwanangu, chupa au pipa?"

Nikanyamaza manake sikujua, na mfumo nao haukuwa umeuliza.

Kwa wasioijua kazi hii, mafuta ya nazi yakija kwa mapipa ya kwenda kiwandani yanakaa 1513. Mafuta yayo hayo, hata kama hayajachanganywa na kitu, yakitiwa kwenye vichupa vya rejareja vilivyoandikwa ni vya nywele yanahama mpaka 3305 kwa vipodozi, na hapo unaanza hesabu upya, ya ushuru na ya vibali. Invoisi ilisema mafuta ya nazi tu, bas. Na ukikosea, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inamhesabu ajenti aliyeingiza entri, yaani lile tamko la mzigo kwa forodha, kama vile mzigo ni wake, anadaiwa yeye. Mfumo haudaiwi, wala aliyeuza mfumo hadaiwi, na hili nalisema kila mitingi mpaka wengine washachoka kunisikia lakini ntaendelea kulisema.

Mimi kazi yangu hapa chamani ni kusimamia programu ya teknolojia mpya. Watu wakisikia hivyo wanadhani nashinda na mitambo. Kusema kweli sehemu ngumu ni kwamba wanachama wangu ni washindani, yaani watu wanakaa meza moja wanakula viazi karai sahani moja, kesho asubuhi wanampigania mteja mmoja Moi Avenue. Chama ni chao wote na siri za biashara ni za kila mtu na zake, sasa wewe njoo hapo katikati na teknolojia yako inayotaka data nyingi ndio ifanye kazi.

Mwaka wangu wa kwanza hili sikulipima vizuri. Niliwaomba kila mmoja atie entri zake za nyuma kwenye mfumo mmoja wa chama ili mashine ijifunze kutoka kwa wote. Miezi minne nikizunguka Shimanzi, Changamwe, mpaka Miritini, waliotia walikuwa wawili, na mmoja wao alitia za mteja aliyekwisha hama. Dada mmoja mwenye ofisi ndogo sana aliniambia bila kunizungusha, "Kaka, bei zangu na wateja wangu ndio duka langu, nikikupa hayo nimebaki na nini?" Sikuwa na jibu, na sasa naona hakukuwa na jibu la kumpa, alikuwa sawa kabisa.

Ndipo nikarudi kuisoma habari ya TradeLens kwa makini. Mwaka 2014 kampuni ya meli ya Maersk walilifuata kontena moja la waridi na parachichi kutoka hapa hapa Mombasa mpaka Rotterdam, wakakuta safari moja hiyo imepita kwa karibu watu na taasisi 30, na mawasiliano zaidi ya 200. Kontena letu hilo likawa mfano uliotajwa kila mahali, na 2018 Maersk na IBM wakatoa TradeLens, jukwaa la blokicheni, yaani daftari la kidijitali la pamoja, la kuweka hayo yote mahali pamoja. Pesa zilikuwepo na wataalamu walikuwepo, na MSC na CMA CGM, kampuni za meli zinazoshindana na Maersk, waliingia pia. Novemba 2022 wakatangaza kulifunga, mwanzo wa 2023 likazimwa, na walisema wenyewe ule ushirikiano wa sekta nzima duniani haukupatikana. Mimi naamini tatizo lilikuwa ni lile lile la yule dada: nyumba hii ni ya nani, na kwa nini nilaze mali yangu kwa jirani tunayeshindana naye?

Kwa hivyo tulibadilisha. Entri za kila mtu zinabaki kwenye mashine yake, chama hakizioni na hakizitaki. Tunachokusanya pamoja ni maswali. Chupa au pipa. Nguo mpya au mtumba, manake mtumba ni 6309. Shati la kitambaa cha kawaida au kile kinachovutika kama tisheti, manake moja inakwenda sura ya 62 ya HS na nyingine ya 61. Swali halina jina la mteja wala bei, hakuna anayeona anaibiwa. Yule mzee alasiri ile alinitajia maswali 11 bila kufungua kitabu chochote, mimi naandika tu, kahawa yangu ikapoa pale.

Sasa mfumo lazima uulize kwanza, na usipojibiwa hautoi nambari. Waliotuuzia walikataa mwanzoni, wakasema watumiaji wanapenda jibu la haraka. Nikawaambia haraka ya nani, atakayeitwa na forodha miezi baadaye kwa ukaguzi si nyinyi. Tulivutana wiki tatu, wakakubali.

Kazi nyingine iliyo mezani ni BL ya kielektroniki, BL ikiwa ni ile hati ya meli ambayo mwenye kuishika ndiye anayepewa mzigo. Kila mtu wa Kilindini anaijua shida, meli kutoka Jebel Ali kule Dubai ishafika lakini zile BL orijino tatu za karatasi bado ziko njiani na kuria, kontena linakaa, storeji inapanda, mteja anapiga simu kila nusu saa. Februari 2023 kampuni tisa kubwa za meli zilizo kwenye DCSA, jumuiya yao ya kupanga viwango vya kidijitali, ziliahidi kufikia 2030 BL zao zote ziwe za kielektroniki, na Uingereza, ambayo sheria yake inatumika kwenye mikataba mingi ya meli, ikapitisha sheria ya kuzitambua hati hizo mwaka huo huo. Kwa hivyo itakuja, hata tukiwa hatujajiandaa. Nimeanza vikao vya watu wanane wanane baada ya alasiri, kwa Kiswahili chetu hiki hiki, kwa wale vijana wanaoshika dokumenti kila siku, si wakurugenzi.

Kikao cha juzi msichana mmoja wa dokumenti aliinua mkono. Akasema karatasi nikimpa mteja naona imetoka mkononi mwangu, hii ya kompyuta nikishaituma nitajuaje kama sina tena, na yeye atajuaje kama sijampa mwingine?

Hilo ndilo swali ambalo wanasheria wa UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara, walilishughulikia kwenye sheria yao ya mfano ya 2017, hati iwe moja tu na mshikaji awe mmoja tu, na yeye kalifikia akiwa amekaa kiti cha plastiki, hajawahi kuisikia hiyo UNCITRAL. Nimeliandika la kwanza kwenye orodha ya maswali ya BL, na Alhamisi kampuni ya mfumo ikija kutuonyesha bidhaa yao, atakayeuliza ni yeye.