Kabla ya kumwita mtoto mkaidi

Madarasa ya kambi ya Kakuma, Turkana, yamejaa watoto waliokimbia vita Sudan Kusini, Kongo na Somalia. Rula ikigongwa mezani, mmoja anajikunyata, mwingine anatoka mbio. Si utovu wa adabu. Mwili umedhani hatari imerudi. (Viboko, vilivyopigwa marufuku shuleni Kenya mwaka 2001, huzidisha hofu hiyo.)

Mwalimu ajikague kwanza: taya zimekaza? Sauti imepanda? Avute pumzi akihesabu 4, aitoe akihesabu 6, mara 3, ndipo aseme. Amwendee mtoto kwa mbele, achutame, amwite jina taratibu. Kumshika bega kwa nyuma ndiko walimu wengi wanakoharibu. "Kwa nini umefanya hivi?" isubiri, aliyejaa hofu hawezi kujieleza. Ampe chaguo mbili tu: kubaki hapo, au kukaa karibu na mlango.