Fildi ya kiangazi, Nzega

Nimerudi chuoni, daftari la fildi bado lina vumbi la Nzega, na kabla sijakaa kuandika ile ripoti ya kukabidhi, yenye malengo na mbinu na matokeo, naandika hii kwanza kwa sababu kuna vitu havina pa kukaa kwenye ripoti na nisipoviandika sasa vitapotea.

Kwa asiyejua, sisi wanafunzi wa kilimo kila mwaka tunaenda fildi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo. Unapangiwa wilaya, wilaya inakutupa kata, huko bwana shamba ndiyo anajua akupeleke wapi. Wengi wanaishia ofisi ya kata kujaza fomu na kusubiri pikipiki ya afisa ugani ipate mafuta. Mimi na mwenzangu tuliomba tukae kwa mkulima kabisa, tulale hapo tule hapo, na bwana shamba wetu, Mungu ambariki sana, akatuelewa. Kijiji chenyewe ni wilaya ya Nzega, unashuka Puge kwenye barabara ya kwenda Tabora mjini, halafu unachukua boda na unakwenda mpaka unaanza kujiuliza kama boda anajua njia. Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja ambaye mume wake anashinda machimboni miezi kwa miezi, kwa hiyo shamba ni lake yeye, watoto, na babu, yaani baba mkwe wake, Msukuma aliyehamia hapo zamani na ng'ombe zake.

Sasa nianze na linaloniuma. Fildi yetu inakuwa Julai mpaka Septemba. Mvua za Tabora zinaanza Novemba hivi, zinakatika Aprili au Mei mwanzoni, na ni msimu mmoja tu kwa mwaka, siyo kama kule kwenye vuli na masika. Hesabu mwenyewe. Tunafika mahindi yameshavunwa, mabua yameshaliwa na ng'ombe, ardhi imekauka mpaka jembe linarudi. Mimi namaliza mwaka wa pili na kiwavijeshi vamizi namjua kwa picha tu, kwamba ana alama ya Y iliyogeuzwa usoni na madoa manne meusi yamekaa mraba karibu na mkia, mtihanini nilipata alama zote, lakini sijawahi kufunua jani changa la mhindi nikamkuta ndani, wakati mama amepambana naye tangu alipoingia nchini mwaka 2017 na anajua saa ngapi za asubuhi umfuate na unamwagia nini pale kwenye moyo wa mhindi. Nani hapo amfundishe mwenzake?

Ila nisiwe mchoyo, kiangazi nacho kina shule yake, na shule ya pale ilikuwa kwenye kihenge.

Kihenge cha mama ni kile cha fito kilichosiribwa udongo na samadi, kimeinuliwa kwenye mawe, juu nyasi. Mahindi mapya yamepangwa na magunzi yake, chini kabisa kuna mabaki ya mwaka jana. Tulipomuuliza hali ya mahindi hakusema kitu, aliingiza mkono mpaka begani, akatoa gunzi moja la chini akaligonga kwenye ungo mara mbili tatu. Ungo ukawa mweupe. Unga mtupu, tena laini, na kwenye unga vijidudu vyeusi virefu-virefu vinatembea taratibu. Nikamchukua mmoja kwenye kiganja, mdogo wa milimita tatu nne hivi, ukimwangalia kwa juu kichwa hukioni kabisa kimejificha chini, na nyuma amekatika wima. Dumuzi. Mama akasema, "Huyu mwanangu anakula kabla ya watoto."

Kuhusu dumuzi nilikuwa nimesoma, lakini kumsoma ukiwa Tabora ni kitu kingine, maana huyu mdudu kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, na Tanzania aliingia mwishoni mwa miaka ya 1970, ikiaminika alikuja na shehena za mahindi ya nje, na mkoa alioonekana kwanza Afrika nzima ni huu huu wa Tabora, wataalamu wakamwandika rasmi mwaka 1981. Kabla yake watu walihifadhi mahindi na magunzi yake vihengeni na wakala mpaka msimu mwingine, walikuwa na fukusi wa kawaida tu. Dumuzi anapenda sana mahindi yakiwa bado kwenye gunzi kwa sababu punje zimebanana na yeye anapata pa kujishikiza anapotoboa. Anatoboa mpaka mihogo mikavu, mpaka mbao. Babu bado anamwita Scania, anasema wakati ule ulikuwa unaamka asubuhi unasikia kihenge kinalia chenyewe, krr krr, na hakuna aliyejua ni nini. Tulikuwa tumekaa nje usiku ananisimulia hayo nikawa nawaza, kizazi kizima kilibadilishwa namna ya kutunza chakula, kikaambiwa pukuchua, changanya na dawa, weka kwenye gunia, kwa ajili ya mdudu asiyezidi punje ya mchele.

Basi tukafanya kazi. Tulitoa kila kitu, mabaki ya mwaka jana tukayatenga mbali kabisa kwa sababu ukirundika mapya juu ya zamani ni kuwaandalia dumuzi meza, tukafagia kihenge na kuziba nyufa kwa udongo. Mapya tukapukuchua, mikono ilitoka malengelenge, wanawake wa jirani walikuja kusaidia na stori zikawa nyingi kuliko mahindi. Tukaanika kwenye turubai. Halafu mwenzangu akafanya kile kipimo cha chumvi, unachukua chupa kavu ya soda, chumvi iliyokaushwa juani, punje za mahindi, unatikisa, unaacha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo basi unyevu bado umezidi asilimia 15, ikidondoka yote una amani. Mama aliangalia, akachukua punje moja akaing'ata, akasema "bado", na chumvi ikawa imeganda. Kesho yake akang'ata tena, akasema "sasa", chumvi ikadondoka. Watoto walishangilia. Mimi nilifurahi pia, kwamba sasa ana vipimo viwili na kimoja anaweza kumwachia hata mtoto asiyejua bado kusikia kwa meno.

Halafu ikaja mifuko ya kinga njaa, ile yenye plastiki mbili ndani na gunia nje, unakamua hewa, unafunga ya kwanza, unafunga ya pili, unafunga gunia, wadudu waliomo wanakufa kwa kukosa hewa na hutii dawa hata chembe. Mama alikuwa na hela ya mifuko michache. Haitoshi mahindi yote. Mimi nikaanza kutoa somo la soko, kwamba haya ya kwenye mifuko ndiyo ya kuuza Januari Februari bei ikipanda, maana Julai kila mtu anauza, madalali wanajipangia. Ndivyo vitabu vinasema na siyo uongo.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho, ana adabu ya kusikiliza yule mama. Akasema haya ya kwenye mifuko hauzi. Haya ni ya palizi.

Nikamuuliza kivipi. Akaeleza akiwa anaendelea kufunga kamba, kwamba Januari na Februari ndiyo chakula kinakata majumbani, na Januari na Februari ndiyo magugu yanapanda. Nyumba ikikosa unga mwezi ule, mama wa nyumba anaamka anakwenda kibarua kulima shamba la mtu ili jioni arudi na debe la mahindi, na la kwake linakaa na majani wiki mbili tatu. Mavuno ya mwaka unaofuata yanaharibikia hapo. Halafu mwaka unaofuata chakula kinakata mapema zaidi, Desemba, unarudi kibaruani mapema zaidi. Alisema ameshuhudia nyumba inazunguka hivyo mpaka ikauza ng'ombe wa mwisho. Kwa hiyo mifuko ile ni ya kumfanya yeye abaki shambani kwake mwezi wa pili. Ya kuuza ni yale mengine, na anauza sasa hivi kwa bei hii mbaya kwa sababu kuna daftari na sare na deni la mbolea, na hayo hayasubiri.

Nilikaa kimya muda mrefu sana. Sisi tuna kozi ya hifadhi ya mazao baada ya mavuno, tuna kozi ya magugu, tuna kozi ya uchumi wa kilimo, walimu watatu tofauti, mitihani mitatu tofauti. Kwa mama ni jambo moja na limekaa kwenye mfuko mmoja.

Kuna siku nyingine babu akasema anataka kututembeza. Shikamoo babu, marahaba, twendeni. Tukaanza juu kwenye mawe tukashuka taratibu mpaka chini mbugani, yaani bondeni kwenye udongo mweusi, na kila baada ya mwendo anachimba kwa fimbo, anatuwekea udongo mkononi. Huku juu luseni, mchanga mwepesi, karanga na viazi wanapenda. Hapa ibambasi, pagumu, maji hayaingii, usipoteze nguvu zako. Chini mbuga yenyewe, nyeusi, imepasuka nyufa ambazo fimbo yake ilizama karibu yote, na hapo ndiyo majaruba ya mpunga, na pembeni kulikuwa na dengu zilizopandwa mvua zilipokuwa zinakatika, zimekua kwa unyevu uliobaki ardhini tu bila tone lingine. Darasani hii inaitwa katena, udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani mpaka bondeni, na aliyelileta jina hilo kwenye sayansi ya dunia ni Geoffrey Milne, alikuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, mwaka 1935, kutokana na kutembea na kuangalia udongo wa Afrika Mashariki hii hii. Nilimwambia babu hivyo. Akauliza huyo Milne alikuwa na ng'ombe wangapi. Alikuwa anauliza kwa dhati kabisa, maana kwake mtu anayejua ardhi lazima awe na cha kulisha juu yake.

Kilichonigusa zaidi siyo majina, ni kwamba mteremko ule kwake ni ratiba. Mvua ya kwanza ikidondoka wanaanza luseni kwa sababu jembe linaingia hata maji yakiwa kidogo, mbuga wanaisubiri mpaka inywe ilainike, na ikinywa kupita kiasi inanata huwezi tena, kwa hiyo kuna siku chache tu za kuikamata na siku hizo zinagongana na za kupanda mahindi juu. Nani aende wapi? Mvua ikichelewa unafanya nini? Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mkulima, na inafanyika Novemba na Desemba, sisi tukiwa darasani tunachora katena ubaoni.

Nisisahau michembe. Agosti yote ua wa mama ulikuwa na viazi vimekatwa vipande vinakauka juani, na matobolwa pembeni, yale yanayochemshwa kwanza ndiyo yakatwe. Michembe iliyopikwa na karanga za kusaga asubuhi na mapema, halafu unakwenda kazini, mchana wala hukumbuki njaa. Nimerudi na mfuko mzima, hapa bwenini umeshaisha nusu.

Kwenye fomu ya chuo kuna sehemu ya mapendekezo, mistari minne tu, nimeandika mpaka nyuma ya karatasi. Nimependekeza fildi igawanywe: kipande kibaki kiangazi kwa ajili ya mavuno, hifadhi na soko, na kipande kiende kwenye mvua kulingana na mkoa uliopangiwa, hata kama ni wiki tatu tu, na mwanafunzi arudi kwa mkulima yule yule. Najua kalenda ya chuo ni ngumu kuigeuza na mitihani ya semista ina utaratibu wake. Lakini tunafundishwa kilimo kinachotegemea mvua na hatujawahi kupelekwa kwenye mvua, na mwakani wengine wetu ndiyo watakuwa mabwana shamba na mabibi shamba wa watu kama mama yule.

Kwa upande wangu sisubiri majibu. Likizo ya Krismasi haitoshi kufika Februari ila Desemba naiwahi, mama amesema nije, kitanda kipo, na nimemwomba anipigie wakati mbuga imekaribia kulainika. Mwenzangu naye anatafuta nauli.