Nilivyoacha kazi ya stoo kwenye duka la ukoo

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi nililotunzia stoo hapa Kigoma mjini, ndugu wa bosi walikuwa hawasaini. Mpwa wake akija kuchukua simenti ya mteja, anachukua. Shemeji yake akipakia mabati ya kushusha Kibirizi yapande boti ya Kagunga, anapakia, karatasi italetwa kesho. Kwamba wao walipandishwa vyeo na kulipwa mapema kuliko sisi, hilo linauma, ila mtu huvumilia. Kwa mtunza stoo balaa liko kwingine: mali iliyotoka bila hati bado inasomeka kwenye leja, na siku ya kuhesabu inakuwa deni la mwenye ufunguo. Ndiyo maana niliacha kazi, na ndiyo maana sikuondoka siku ileile niliyoamua.

Nilianza na leja. Kila bidhaa niliihesabu kwa mkono, nikalinganisha na salio, kisha nikatenga upungufu wenye maelezo na usio na maelezo. Nondo ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu hununuliwa kwa tani na kuuzwa kwa pisi. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7, kwa hiyo tani moja ni pisi 93 au 94. Aliyepokea tani akaandika pisi 100 ametengeneza upungufu wa pisi sita ambazo hazikuwahi kushuka kwenye lori. Simenti hesabu yake ni nyepesi, mifuko 20 ya kilo 50 kwa tani, lakini ile ya chini iliyogusa sakafu hushika unyevu wakati wa mvua ikaganda. Hiyo ihesabiwe kando na iandikwe kuwa imeharibika kabla hajatokea wa kusema imeibwa. Misumari ipimwe kwa mzani uleule wa kuuzia.

Kilichobaki baada ya hapo kilikuwa ni mali waliyochukua ndugu. Kwa kila mzigo niliandika tarehe, bidhaa, idadi, aliyechukua, aliyeshuhudia, na gari au boti iliyobeba. Orodha hiyo niliiambatanisha na barua fupi kwa bosi: "Naomba uthibitisho wa mali zifuatazo zilizotoka stoo bila hati." Neno wizi halikuwemo, wala neno upendeleo. Nilitoa nakala mbili, moja nikaomba isainiwe na kugongwa muhuri. Bosi akikataa kusaini, barua ipigwe picha itumwe kwenye simu yake, tarehe ibaki.

Barua hiyo ina kazi mbili. Kwanza, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara kwa sababu tu ametaka. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mfanyakazi apewe nafasi ya kujieleza, akubali kwa maandishi yanayotaja sababu na kiasi, na makato yasizidi robo ya ujira. Kwa hiyo usisaini karatasi yoyote ya "nakubali deni" kwa kuogopa au kwa kumheshimu mzee. Pili, kama hali imekuwa mbaya kiasi cha kulazimika kuacha kazi, sheria inaweza kuihesabu kuwa mwajiri ndiye aliyekuachisha. Lakini kanuni za mwaka 2007 zinataka uwe umetumia kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa kuna sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Asiye na barua hana pa kushika. Shauri hilo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30 tangu kuondoka.

Hapa niseme wazi, maana nimeona watu wakipoteza muda. Sheria inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ulemavu na mengine iliyoyaorodhesha. Kutokuwa ndugu wa bosi hakumo. Ukienda CMA na lalamiko kwamba bosi anapendelea ndugu zake tu, hutafika mbali. Nenda na makato yasiyo halali, mshahara usiolipwa, likizo uliyonyimwa.

Mimi niliacha kwa notisi ya kawaida. Anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, hutoa notisi ya siku 28, kwa maandishi, yenye sababu na tarehe. Haitolewi ukiwa likizo. Ukigoma kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaweza kukata ujira wa siku hizo. Siku hizo nilizitumia kwa makabidhiano: tulihesabu watu watatu, mimi, anayepokea na mtu wa hesabu, kila ukurasa ukasainiwa na wote, funguo na neno la siri la kompyuta vikaandikwa humohumo.

Kwenye malipo, dai mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo ambayo hujaichukua. Likizo huhesabiwa siku moja ya ujira kwa kila siku 13 za kazi. Anayelipwa 390,000 kwa mwezi na kufanya kazi siku sita kwa wiki, siku yake ni karibu 15,000. Siku 130 za kazi zinampa siku 10 za likizo, yaani 150,000. Kiinua mgongo kwa kawaida hakipo kwa aliyejiuzulu mwenyewe, na fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, pia halimhusu, kwa hiyo weka akiba kabla ya kuandika barua. Taarifa ya michango ya NSSF ichukue ungali kazini, uone kama kila mwezi umelipiwa. Cheti cha utumishi ni haki yako hata kama mmeachana kwa ubaya. Na aliyeajiriwa Tabora akaletwa Kigoma anastahili kusafirishwa yeye na mizigo yake hadi Tabora, au kulipwa gharama hizo, ila mkataba uwe unaonyesha kwamba ajira yake ilianzia huko.