Chakula cha mitaani Pune, kwa mlaji aliyetoka Dodoma

Nilipohamia Pune, katika jimbo la Maharashtra nchini India, neno la kwanza nililolitamka mitaani bila wasiwasi lilikuwa “kaka”, kwa kuwa ndivyo vijana wa huku wanavyomwita muuza chakula. Baadaye nilifahamishwa kwamba kwa Kimarathi kaka ni baba mdogo, na kwamba mwanamke anayepika kando ya barabara huitwa maushi, yaani mama mdogo.

Asubuhi watu wengi hula misal. Ni dengu ndogo za kahawia ziitwazo matki, zilizooteshwa kwanza, zikapikwa na kumwagiwa mchuzi mwekundu mkali ambao mafuta yake huelea juu. Kisha hutiwa chevda, kitunguu kibichi, majani ya giligilani na ndimu, na kuliwa kwa mikate midogo iitwayo pav, jina lililoachwa na Wareno. Vada pav imetoka Mumbai, na mtu wa Unguja akiiona atasema ni kachori iliyotiwa ndani ya mkate, wala hatakuwa amekosea.

Kilichonishangaza zaidi ni sabudana. Siku za mfungo kama Ekadashi, Wahindu wanaofunga hawagusi nafaka, na hapo ndipo karai za khichdi ya sabudana huonekana kwa wingi. Ni punje nyeupe mfano wa shanga, zilizolowekwa kwa saa kadhaa, zikakaangwa pamoja na viazi, binzari nyembamba, pilipili mbichi na karanga zilizotwangwa. Maushi ninayenunua kwake hukoroga taratibu sana, na punje zinapoacha weupe na kuanza kupitisha mwanga huepua mara moja, kwa sababu akichelewa kidogo zote hugandamana. Nilikula kwa miezi mingi kabla ya kujua kwamba punje hizo ni wanga wa muhogo, na kwamba nyingi hutengenezwa Salem, katika jimbo la Tamil Nadu. Sisi tunaochemsha muhogo na kuukaanga hatukuwahi kuufikiria hivyo.

Hata hivyo, chakula ninachokipenda kuliko vyote kinapatikana Sinhagad, ngome iliyo mlimani, yapata kilomita 30 kutoka mjini, ambayo kamanda Tanaji Malusare aliitwaa kwa ajili ya Shivaji, mtawala wa Wamaratha, mwaka 1670 na kupoteza maisha yake humo. Wakati wa mvua watu hupanda kwa wingi, na akina mama wa vijiji vya jirani huwapikia kwa kuni: bajia za vitunguu, maziwa mgando katika vyungu vidogo vya udongo, na pithla, ambayo ni uji mzito wa unga wa dengu, unaoliwa kwa bhakri.

Bhakri ni mkate bapa wa jowari, bajri au nachni, na kwa Kiswahili hiyo ni mitama, uwele na ulezi, nafaka tatu ambazo asili yake ni Afrika na ambazo zilifika India maelfu ya miaka iliyopita. Unga wake hauvutiki kama wa ngano, kwa hiyo hausukumwi. Hukandwa kwa maji ya moto, ukapigwapigwa kwa viganja mpaka utanuke, ukawekwa kwenye chuma cha moto na kupakwa maji kwa juu kabla ya kugeuzwa. Mwisho husogezwa penye moto wenyewe, ukafura.

Mara ya kwanza nilipomega bhakri ya bajri, harufu yake ilikuwa ya jikoni kwa mama yangu, ambako ugali wa uwele ulikuwa chakula cha kila siku. Nilimwambia maushi, kwa Kimarathi changu kidogo, kwamba kwetu pia tunalima bajri. Aliniongezea ya pili, akaniuliza tunaila na nini, nami nikakosa neno la Kimarathi la mlenda.