Kivuli Kipana

Kijana yule aliletwa usiku, baada ya gari alimokuwa kugonga lori lililoegeshwa. Alikuwa akiongea vizuri, analalamikia goti tu. Mimi nilikuwa mpiga picha za eksirei wa zamu, na tangu siku ile majeruhi anayeongea vizuri hanitulizi hata kidogo.

Eksirei ya kifua tulimpiga amelala chali, maana shingo ilikuwa bado imefungwa kola. Kivuli cha katikati ya kifua kilizidi upana wa sentimita 8, na nundu ya tao la aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, haikujichora. Daktari wa zamu akasema ni mlalo tu. Mtu akipigwa amelala, moyo na mishipa huonekana mikubwa. Ni kweli. Lakini bomba la hewa nalo lilikuwa limesukumwa kulia, na kijana alikuwa amenyooka sawasawa. Tukampeleka siti-skani.

Nilishikilia kwamba dawa ya kontrasti, ile inayong'arisha mishipa kwenye picha, ipitie mkono wa kulia. Wauguzi huona huo ni ukaidi wetu. Ikipitia kushoto, hukatiza mbele ya matawi ya aota ikiwa bado nzito, ikatupa michirizi myeupe palepale unapopachunguza.

Jeraha lilionekana mara moja. Chini kidogo ya tawi linalokwenda mkono wa kushoto, aota ilikuwa imetoa kibonge. Hapo ndipo inaposhikiliwa na kano iliyobaki tangu mtu akiwa tumboni mwa mama. Mwendo ukikatika ghafla, tao huvutwa mbele na sehemu ya chini husalia nyuma. Daktari wa radiolojia hakukurupuka. Wapo watu wenye afya kamili walio na kinundu mahali hapo, ila chao huwa laini, kingo zake zikiteremka taratibu. Hiki kilikuwa na kona kali, na kipande cha ukuta wa ndani kilining'inia kwenye mkondo wa damu. Kilichoizuia damu isimwagike ni utando wa nje peke yake.

Hawakukimbilia kisu. Kwanza walishusha mapigo ya moyo na shinikizo la damu kwa dawa, kisha asubuhi wakapitisha kinenani stenti, kibomba cha waya, iliyovikwa kitambaa. Upana wake waliupima kwenye picha zetu zilezile, zilizokatwa vipande vya milimita 1, bila kumrudisha kijana kwenye mashine.